Fundi Jicho na Shingo ya Foki

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua dirisha la chumba chake cha mbele. Alifuta vumbi kwenye cherehani, akatandaza kitambaa juu ya meza, akaweka mkasi pembeni. Ukutani palikuwa na msumari, na kwenye msumari ilining'inia futi yake ya utepe wa manjano. Ilining'inia hapo miaka nenda rudi. Hakuigusa. Alisema futi ni ya wanaojifunza.

Mteja akiingia, fundi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Alifumba jicho moja, akasema, "Nimeshakupima. Njoo Ijumaa."

Watu walicheka, wakamwita Fundi Jicho. Jina likamkaa, na mwenyewe alilipenda kupita kiasi.

Mkewe alikuwa mhudumu wa afya. Aliwatembelea wagonjwa majumbani mwao. Aliwasafisha vidonda, akawafunga bandeji, akahakikisha wamemeza dawa. Wagonjwa wengine walikaa mbali, huko chini ya mteremko, na kwao alikwenda kwa baiskeli. Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la bati lenye bandeji na dawa. Bila baiskeli hiyo, nusu ya wagonjwa wake asingewafikia.

Siku moja gurudumu la mbele liliingia shimoni, foki ikapinda. Foki ni ile sehemu yenye miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Juu yake kuna bomba moja linaloitwa shingo. Shingo hupita ndani ya fremu, ikatokeza kwa juu, na usukani hukaa hapo. Mke wa fundi alinunua foki mpya. Alipoifikisha nyumbani, wakaona shingo yake ni ndefu. Ilizidi ile ya zamani kwa upana wa vidole viwili.

"Nitaipeleka kwa Mama Gololi," mkewe alisema. "Ataikata."

Mama Gololi alikuwa fundi baiskeli wa mtaa ule. Kibanda chake kilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao.

"Umpelekee Mama Gololi kitu cha kukata?" Fundi Jicho alishika kiuno. "Kwani wewe umeolewa na nani? Mimi nakata tangu sijaota ndevu!"

"Unakata vitambaa, baba watoto."

"Kukata ni kukata. Niletee msumeno wa chuma."

Mkewe alimtazama kidogo. Halafu akacheka, akamwachia. Alimwamini. Kumbuka hilo, maana ndilo litakalomchoma mumewe baadaye.

Fundi Jicho alilaza foki juu ya goti lake. Hakupima. Hakuchora hata alama. Alifumba jicho moja, akaanza kukata. Msumeno ulianza vizuri, kisha ukaenda zake. Kipande kilipoanguka, alikiokota, akaitazama shingo. Lo! Ilikuwa imekatwa upande, imekaa kama kofia ya mlevi.

"Si kitu," alijiambia. "Itafunikwa na nati."

Aliitia foki kwenye fremu. Alizungusha bakuli la juu, lile linalokandamiza gololi. Juu yake akaweka washa, ile pete nyembamba ya chuma. Mwisho akafunga nati ya juu, ile yenye ukingo uliojikunja kwa ndani. Nati ilishuka kidogo, ikagonga ule upande mrefu wa shingo, ikakataa. Kati ya nati na washa ilibaki nafasi ya karibu kupitisha penseli.

Mtu mwenye busara angeishia hapo, angeomba msaada. Fundi Jicho alifanya anachofanya nguo ikiwa fupi. Aliongeza kitambaa. Alichukua kipande kilichobaki alipomshonea mkewe gauni la maua, akakikunja mara tatu, akakizungushia kwenye ile nafasi. Kisha akakaza nati mpaka ikauma kitambaa.

Alirudisha gurudumu na usukani, akautikisa. Ulitulia.

"Si unaona?" alisema kwa sauti, ingawa chumbani hapakuwa na mtu. Moyoni alijua kabisa kwamba kuna jambo halijakaa sawa.

Mkewe alifurahi. Siku ya kwanza alikwenda na kurudi salama. Siku ya pili aliwaambia wagonjwa wake, "Hii kazi ya mume wangu. Kumbe baiskeli nazo anaziweza!" Fundi Jicho aliposikia hivyo alitazama chini, akajifanya anatafuta sindano.

Siku ya tatu mkewe alirudi mchana, jua kali, akiisukuma baiskeli. Gauni lake la maua lilikuwa na matope. Goti lilivuja damu. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechunika.

"Mungu wangu! Umepatwa na nini?" fundi aliuliza, akaruka kutoka kwenye kiti.

"Nimeanguka mteremkoni. Usukani ulitikisika, nikashindwa kuushika. Nimeingia mtaroni, bandeji zote zimemwagika kwenye tope." Alikaa chini polepole. "Yule mzee wa kidonda mguuni amenisubiri tangu asubuhi. Leo hakusafishwa."

Fundi Jicho alijua papo hapo. Kitambaa! Alifungua mdomo aseme, na mdomo ukatoa maneno mengine kabisa.

"Ile barabara yenyewe mbovu."

"Barabara ile naipita mwaka wa sita huu," mkewe alisema. "Si barabara. Ni mimi. Mikono imeanza kuchoka, baba watoto. Nilikuwa naishika baiskeli vizuri, leo imenishinda. Kesho nitamwomba msimamizi wangu awape wengine wagonjwa wa kule chini. Nisije nikavunjika mguu."

Alisema bila hasira. Alisema kama mtu anayekubali kwamba amezeeka. Fundi Jicho alichukua bandeji safi iliyobaki nyumbani amfunge viganja, na hata bandeji aliifunga vibaya. Ikabidi mkewe aifungue kwa meno na kuifunga upya mwenyewe. Mume akasimama pale, mikono inaning'inia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkewe alipokwenda kulala kidogo, Fundi Jicho aliichukua baiskeli, akaisukuma hadi kwa Mama Gololi. Alipita upande wa ukuta, wapita njia wasimuone.

Mama Gololi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amevaa ovaroli yake ya buluu. Alishika breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na nyuma. Ko! Ko! Foki iligonga. Alichukua spana, akafungua nati ya juu. Kitambaa kikatoka, kimelowa grisi, lakini maua yake bado yanaonekana.

"Hiki si kitambaa cha gauni la mkeo?"

"Ni chenyewe."

"Kimefuata nini huku?"

Fundi Jicho alitazama viatu vyake.

Mama Gololi alipitisha kidole juu ya shingo ya foki, akaguna. "Sikiliza, fundi. Shingo ikiwa ndefu, nati inagonga juu kabla haijabana washa. Wewe ukajaza kitambaa. Kitambaa hubonyea. Kikibonyea, nati inalegea, bakuli linafunguka, gololi zinacheza. Usukani lazima utikisike. Mkeo amebahatika kuangukia mtaro. Angeweza kuangukia gari."

"Nirekebishie, mama. Nakuomba. Tena asijue."

"Hajui?"

"Anadhani mikono yake imechoka. Anataka kuwaacha wagonjwa wa kule chini."

Mama Gololi aliweka spana chini. Alinyoosha miguu yake miwili mbele, akaitazama. Fundi Jicho naye akaitazama. Mguu mmoja wa ovaroli ulikuwa umeongezwa kipande cha kitambaa kingine kwa chini, kwa mishono mikubwa ya mkono.

Ndipo alipokumbuka. Ovaroli ile aliishona yeye, miaka minne iliyopita, kwa jicho. Mama Gololi aliirudisha akisema mguu mmoja ni mfupi. Chumba kilikuwa kimejaa wateja. Fundi Jicho akasema mbele yao wote, "Mama, ovaroli haina kosa. Mguu wako mmoja ndio mrefu. Ina maana hukujua?" Watu waliangua kicheko. Mama Gololi alicheka pamoja nao, akaondoka. Tangu siku hiyo utani haukwisha mtaani. Wengine walimsalimia, "Mama, mguu mrefu haujambo?" Fundi Jicho mwenyewe alikuwa ameshasahau.

Uso ulimwaka moto.

"Mimi niliongeza kipande, yakaisha," Mama Gololi alisema. "Ovaroli haimwangushi mtu mteremkoni. Ila hili la leo siwezi kulichekea. Shingo itanyooka, nitakuonyesha namna. Hiyo habari ya mikono ya mkeo ndiyo sina spana yake. Nenda kaifungue mwenyewe."

Fundi Jicho aliisukuma baiskeli akarudi nyumbani. Hatua zile chache alizihesabu zote. Mkewe alikuwa ameamka, anakausha bandeji zilizolowa. Fundi aliweka kile kitambaa mezani.

"Nini hiki?"

"Kilikuwa ndani ya baiskeli. Nilikiweka mimi. Shingo niliikata upande, nati ikakataa, nikajaza kitambaa nikanyamaza. Mikono yako haina kosa. Kosa ni langu."

Mkewe alikigeuza kile kitambaa huku na huku. Akatazama gauni lake lenye matope.

"Nilipokwambia kwamba ni mimi," aliuliza taratibu, "wewe ulikuwa unajua?"

Swali hilo ndilo aliloliogopa.

"Nilijua."

Mkewe alikikunja kile kitambaa, akakisukuma pembeni.

"Nisamehe," fundi alisema.

"Kuanguka nimekusamehe. Hilo lingine bado." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono, maana viganja vilikuwa na bandeji. "Kamwite Mama Gololi. Kisha uikate hapa hapa uani. Mimi nitakaa kwenye kiti nikuangalie."

Mama Gololi alikuja na mfuko wake. Alitoa spana mbili, msumeno wa chuma, tupa, na nati mbili za zamani zilizo wazi juu na chini. Fundi Jicho alifungua usukani na gurudumu, akaitoa foki, akamnyooshea.

"Aa, mimi sikati," Mama Gololi alisema. "Utakata wewe. Mimi nitasema tu."

Kwanza waliitazama shingo. Kwa nje ilikuwa na mifereji midogo inayoizunguka, ambayo nati hupanda juu yake. Mafundi huiita hesi.

"Tazama hesi zinashuka mpaka wapi," Mama Gololi alisema. "Zisingefika chini vya kutosha, foki hii isingefaa kukatwa. Hii inafaa."

Walirudisha foki kwenye fremu pamoja na gololi zake. Fundi alizungusha bakuli la juu mpaka foki ikaacha kucheza. Akaweka washa.

"Sasa lete futi."

Fundi Jicho aliingia ndani. Alipoitoa futi msumarini, ukutani kulibaki mstari mweupe mahali ilipokuwa. Vumbi lilimwingia puani, akapiga chafya. Mkewe alikaribia kucheka, akajizuia.

"Pima kina cha nati kwa ndani."

"Milimita nane."

"Basi shingo itokeze juu ya washa milimita sita tu. Lazima iwe pungufu ya kina cha nati, ili nati ibane washa kabla haijagonga shingo. Upande wako mrefu una ngapi?"

"Kumi na tatu."

"Na mfupi?"

Fundi alipima. Akapima tena. "Nane."

"Umeponea chupuchupu. Ungeteremka kidogo tu zaidi ya hapo, ningekwambia mnunue foki nyingine."

Fundi alichukua penseli, akaweka alama moja kwenye milimita sita.

"Moja haitoshi," Mama Gololi alisema. "Bomba ni la mviringo. Zunguka nayo."

Aliweka alama pande zote. Kisha waliitoa foki. Safari hii haikuwekwa gotini. Waliilaza juu ya meza, wakaibana kati ya vibao viwili vya mbao ili chuma kisibonyee.

Mama Gololi akampa zile nati mbili za zamani. "Zivishe zote kwenye shingo. Ukingo wa nati ya nje ufike kwenye alama zako. Sasa zikaze moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili, zisisogee."

Fundi alikaza.

"Uso wa nati umenyooka tangu ilipotengenezwa. Laza msumeno kwenye uso huo, ufuate. Huhitaji jicho hapo. Nati ndiyo itakayoona."

Mkewe alikohoa kidogo kwenye kiti chake. Fundi Jicho hakuinua kichwa.

Aliuangalia msumeno kwanza, kama alivyoambiwa. Meno yake yalikuwa madogo na yalielekea mbele. Mama Gololi alidondosha tone la mafuta. Fundi akaanza, haraka haraka, kama anayekata kanzu.

"Taratibu! Huo si mkasi. Kandamiza ukienda mbele, legeza ukirudi. Ukikata kidogo, geuza foki, kata upande mwingine. Ukikata upande mmoja tu, msumeno utakimbia tena."

Alikata kidogo, akageuza. Akakata, akageuza. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mwisho kipande kikaanguka mezani, ting!

Fundi aliinama apulize vumbi la chuma.

"Usipulize! Litakuingia machoni. Futa kwa kitambaa." Mama Gololi akamrushia kitambaa. "Hapo ndipo mahali pa kitambaa."

Mkewe aliangua kicheko, cha kwanza tangu aanguke. Fundi Jicho naye akatabasamu, lakini masikio yalimwaka.

Alipitisha tupa kwenye shingo, ikiwa imelala juu ya nati, mpaka pakawa laini. Akalainisha ukingo wa ndani na wa nje, usije ukamkata mtu kidole. Halafu akazifungua zile nati mbili. Zilitoka kwa ugumu kidogo.

"Ndiyo maana tunazivisha kabla ya kukata," Mama Gololi alisema. "Msumeno huharibu hesi za mwisho. Nati zikitoka, zinazinyoosha."

Walifuta kila chembe ya chuma. Walipaka grisi mpya, wakapanga gololi, wakarudisha foki. Bakuli, washa, nati ya juu. Safari hii nati ilishuka mpaka ikabana washa, bila kubakiza hata nafasi ya ukucha. Kisha wakarudisha usukani na kuukaza, wakarudisha gurudumu na kuunga breki.

Fundi aligeuka kwa mkewe. "Tayari" ilikuwa mdomoni. Akaimeza.

"Tunahakikishaje?" aliuliza.

"Swali zuri hilo," Mama Gololi alisema. "Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia ko, haijakaza. Kisha inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani. Ukiwa mzito, umekaza mno."

Fundi aliusogelea usukani, lakini mkewe alikuwa ameshainuka. "Nitajaribu mwenyewe," alisema.

Alishika breki, akasukuma. Kimya. Aliinua gurudumu, usukani ukageuka kulia na kushoto kwa wepesi. Alirudia mara tatu. Fundi alielewa kwa nini anarudia, akavumilia.

Viganja vilipopona, mkewe alipanda baiskeli kwenda kwa wagonjwa wa kule chini. Asubuhi hiyo Fundi Jicho hakushona kitu. Alikaa dirishani, futi mkononi, akiikunja na kuikunjua. Mchana kengele ya baiskeli ililia.

"Mteremko?" aliuliza kabla hata ya kumpokea sanduku.

"Nimeshuka vizuri. Mzee wa kidonda ananiuliza nilikuwa wapi." Mkewe alinyoosha mikono yake mbele, akaitazama pande zote mbili. "Mikono yangu haina kosa."

"Haina kosa," fundi alisema. Akapokea sanduku.

Ijumaa, chumba cha mbele kilijaa wateja wa kuchukua nguo. Fundi alituma salamu kwa Mama Gololi, aje mara moja. Alipoingia, mteja mmoja alimtania, "Karibu, mama! Mguu mrefu haujambo?" Wengine wakacheka, kama kawaida.

Fundi Jicho alipiga magoti mbele yake. Alipima mguu wa kulia kwa ndani, akapima wa kushoto. Akarudia yote miwili.

"Sabini na nne," alisema. "Na huu sabini na nne."

"Hawajakusikia," Mama Gololi alisema.

Fundi Jicho alisimama. Mlangoni alimwona mkewe, ameegemea, anamtazama.

"Miguu yake iko sawa," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Imekuwa sawa siku zote. Ovaroli ndiyo niliyoikata vibaya, kisha nikamsingizia mwenye miguu."

Yule mteja aliyetania alianza kukunjua shati lake, akalinganisha mikono. Mwingine naye akaitazama suruali yake.

"Kama kuna mwingine aliyeongeza kipande nyumbani," fundi alisema, "ailete nguo. Nitampima."

Kisha mkewe alitoka mlangoni. Alipita katikati ya wateja, akasimama mbele ya mumewe, akanyoosha mikono yote miwili.

"Anza na mimi," alisema. "Hili gauni la maua, mkono wa kushoto nimeufumua mara mbili."